Mwaka Karanga Zilipokataa Dawa

Mama Kulwa tulimzika Jumanne, na mhubiri, kijana aliyeletwa kutoka mjini, akasema marehemu alikuwa mama mpole aliyejua kutii. Nilikohoa mpaka mama mmoja pembeni yangu akanipa maji. Mpole! Kutii! Huyo kijana alikuwa anamzika mtu mwingine. Nilitupa macho kwa wazee wa kiume nikimtafuta Masanja, mkwe wake aliyemwoa Kulwa, nikamwona amesimama mbali kabisa, nyuma ya wanaume wote, kofia mkononi, uso kaugeuzia pembeni. Mzee wa miaka sabini na kitu, magoti yanamuuma, na bado hamsogelei mama mkwe wake hata akiwa ndani ya jeneza. Macho yetu yakakutana, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokibana. Nikajua anafikiria nini. Alikuwa anafikiria lile shamba la karanga, na mimi pia. Niliporudi nyumbani nikaona afadhali niuandike mwaka ule mwenyewe kabla hawajaja watu wa kusema kwamba mimi nami nilikuwa mpole.

Ya utoto wangu Ushirombo nayaacha, hayahusu hapa. Naanzia siku niliyoshuka kwenye lori la pamba katika kijiji kimoja upande wa Kolandoto, nina cheti cha kilimo, sanduku la bati na viatu vinavyobana. Ilikuwa miaka ya sabini. Watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao na kupangwa kwa mistari, na mashamba nayo yakapangwa bega kwa bega. Pamba ilikuwa ya wanaume na ya serikali. Ilikuwa na mizani yake, ghala lake na hotuba zake. Karanga zilikuwa za wanawake. Ukanda wao ulikuwa karibu na lambo, kila mama na kipande chake, na hakuna mwanaume aliyeingia humo bila sababu. Mkuu wangu alikuwa mtu wa makamo, mgeni wa mkoa ule, suti yake ya kaunda imepigwa pasi hata siku za tope. Kila mtu alimwita Bwana Shamba, nami nitamwita hivyo hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliiogopa ofisi ya juu yake kama sisi tulivyomwogopa yeye, na hofu ikishuka ngazi namna hiyo, wa chini kabisa ndiye anayeumia.

Nilipewa chumba kwa Mama Kulwa. Kilikuwa chumba cha tofali za udongo chenye harufu ya magunia, kitanda cha kamba, na dirisha la ukubwa wa sahani. Kuta hazikufika kwenye paa, kwa hiyo kila kilichosemwa upande wa pili nilikipata kama kilivyo. Mama Kulwa alikuwa na arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, mama wa mapacha wasichana, Kulwa aliyekwisha kuolewa na Doto aliyekuwa bado nyumbani. Asubuhi alinigongea mlango kwa kijiti. "Mwangaluka, Bibi Shamba. Umelala au umekufa?" Tulikula matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu vilivyochemshwa, tukiyatafuna pamoja na karanga za kukaanga na chai ya rangi. Jioni ulikuwa ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga za kupondwa. Mlenda huo hatukuununua wala kuupanda. Ulijiotea kati ya mistari ya karanga, na wanawake waliuchuma humo walipokuwa wakipalilia, wakaupeleka moja kwa moja chunguni. Nilikula mlenda ule mpaka nikanenepa, na leo nikiona watu wanaumwagia mafuta ya kopo ninawahurumia.

Mvua zilipokolea, viwavi wakaingia. Anayejua karanga anajua jinsi inavyokuwa: jana majani mazima, leo yametobolewa, kesho kumebaki vijiti. Bwana Shamba aliitisha mkutano akawaambia wanawake wapite kila asubuhi na makopo, waokote viwavi, na kwanza kabisa wawatafute wale wenye mayai meupe mgongoni, maana hao ndio mama zao. "Mkiwamaliza mama, mmemaliza ukoo," alisema, na watu wakapiga makofi. Lilikuwa neno la kueleweka. Kwa Msukuma na hata kwetu Wasumbwa, ukoo unahesabiwa kwa wanaozaa. Basi wanawake wakaokota, wakawachagua wale wenye vitu vyeupe mgongoni kwa bidii kuliko wengine wote, wakawamwaga kwenye moto wa mabua. Viwavi waliobaki, wale wasio na kitu, waliendelea kula kwa raha zao.

Nilikuwa na mashaka tangu siku ya kwanza. Kiwavi hatagi, kiwavi ni mtoto, anayetaga ni nondo. Chuoni tuliwahi kuonyeshwa vitu vyeupe vya namna ile, lakini kwenye picha, na picha na shamba ni vitu viwili. Nikaomba chupa ya jemu hospitali ya misheni, nikatia kiwavi mwenye meupe na majani machache, nikafunga mdomo kwa kipande cha kanga ya Mama Kulwa, nikaiweka dirishani. Kiwavi hakula. Alikaa tu, amesinyaa, kama mtu aliyeibiwa kila kitu akaachiwa ngozi. Siku kadhaa baadaye nilimsikia Mama Kulwa akipiga kelele chumbani kwangu. Vile vyeupe vilikuwa vimefunguka, na ndani ya chupa walikuwa wanarukaruka wadudu weusi wadogo sana, kama sisimizi walioota mabawa.

"Hawa ni nini?"

"Ni nyigu, Mama Kulwa. Nyigu wadogo. Mama yao anamchoma kiwavi akiwa mzima, anataga mayai ndani yake. Watoto wanakua humo humo wakimla, kisha wanatoka na kujifungia kwenye hivi vyeupe."

Aliinua chupa akaitazama kwenye mwanga, kwa muda mrefu. "Kwa hiyo siyo mayai ya kiwavi."

"Siyo."

"Kwa hiyo hawa ndio wanaomuua."

"Ndiyo."

"Na sisi tunawachoma moto," alisema, akaketi kitandani kwangu. Kisha akaanza kutukana. Alitukana kwa Kisukuma, taratibu, na aliyoyasema siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu zangu wanasoma. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Kuanzia kesho yake wanawake wa ukanda wa lambo waliacha kuokota wenye meupe. Waliokota wasio nayo tu. Habari ikamfikia Bwana Shamba, akaja na jipya lake. Ofisi ilikuwa imeruhusu dawa ya pamba ipuliziwe karanga zote za kijiji, na alitakiwa kupeleka taarifa kwamba hakuna kipande kilichobaki. Nilimwambia dawa ile itaua kiwavi na nyigu pamoja, na kiwavi atarudi mapema kuliko nyigu. Nilimwambia kuna mlenda kati ya mistari na watu wanaula. Akaniuliza ushahidi. Nikaipeleka chupa yangu kwenye mkutano wa kijiji, nimeifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Lakini jua la barabarani lilikuwa limewamaliza, nilipofunua kulikuwa na vumbi jeusi chini ya chupa. Bwana Shamba aliipokea, akaigeuza, akaipitisha kwa wazee wa mstari wa mbele. "Bibi Shamba wetu anafuga vumbi," alisema. Watu walicheka sana, na wengine waliocheka nilikuwa nimekula nao asubuhi. Niliona aibu, na chini ya ile aibu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa zaidi.

Jioni hiyo, tukiwa tumemaliza kula, niliwasikia wenyeji wangu upande wa pili wa ukuta. Baba Kulwa alikuwa mjumbe, mtu wa sauti ndogo.

"Waache wapulizie. Ukimuunga mkono huyu binti, mimi ndiye nitakayesemwa."

"Usemwe."

"Mama Kulwa, hii ni amri."

"Amri ya pamba niliitii. Amri ya kuhama niliitii, nikaacha nyumba yenye paa zuri. Hii ya kunitilia sumu kwenye mboga, yaya, sitaki. Yaya, Baba Kulwa. Unataka mlenda wa dawa, kaoe anayeupika."

Nikamsikia Baba Kulwa akicheka kwa kushindwa, na kiti kikaburuzwa. Nililala vizuri.

Siku ya kupulizia, Bwana Shamba alifika lamboni jua likiwa bado changa, nyuma yake vijana wa kijiji wenye mabomba mgongoni. Alikuwa amewachagua yeye mwenyewe, vijana wenye nguvu, waliooa karibuni, wenye adabu. Hapo ndipo alipokosea, na mimi niliyekuwa nimewahi pale niliona kosa hilo kabla yake, kwa sababu kwetu mila ni hiyo hiyo. Wanawake walikuwa wameshaingia shambani. Walikuwa wametandika kanga kati ya mistari na kuketi, miguu imenyooshwa mbele, wanang'oa magugu taratibu kama watu wasio na haraka ya maisha. Mama Kulwa aliketi mwanzo kabisa, penye njia. Masanja alikuwa wa kwanza kwenye msafara. Aliinua macho, akamwona mama mkwe wake ameketi miguu imenyooka, akageuka ghafla hata dawa ikamwagika kwenye bomba, akajifunika uso kwa mkono, akarudi nyuma mpaka kwenye miiba.

"Nini?" Bwana Shamba aliuliza.

"Siwezi kupita hapo."

"Kwa nini huwezi?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

"Kwani anauma?"

"Afadhali angeuma, Bwana Shamba."

Akamwita wa pili. Wa pili alikuwa ameshamwona mama yake mkwe kwenye mstari wa katikati. Wa tatu alikuwa na shangazi wa mkewe, na kwa heshima ya kule shangazi ni mama mkwe vile vile. Mmoja mmoja wakatua mabomba chini, wakasogea mbali, wakawapa wanawake mgongo. Hakuna aliyewafukuza. Nyasi tu ziling'olewa, na nilisikia mizizi ikikatika. Kijiji kizima cha vijana waliooa vizuri kilikuwa kimesimama kinatazama lambo, na Bwana Shamba katikati na suti yake, uso umebadilika rangi.

Kisha akaokota bomba la Masanja akalivaa mwenyewe. Yeye hakuwa na mama mkwe pale. Wanawake walitazamana, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba waliogopa, maana hilo hawakuwa wamelipanga. Sijui miguu yangu iliamua saa ngapi. Nilijikuta nimesimama mbele yake kwenye ule mwanya wa kuingilia, na mkono wake ulikuwa kwenye mpini.

"Leokadia, ondoka."

"Shikamoo, Bwana Shamba," nilisema, kwa sababu nilikuwa sijamwamkia, na mama yangu alinilea.

"Marahaba. Ondoka."

"Anza na mimi. Ukishanipulizia mimi, wapulizie na hawa, halafu shamba."

"Unacheza na kazi yako."

"Najua."

"Una nini cha kunionyesha? Vumbi kwenye chupa?"

"Sina kitu. Wamekufa kwenye chupa kwa sababu niliwaweka kwenye chupa. Humu hawako kwenye chupa."

Alinitazama. Naamini kama ningekuwa mwanaume angenisukuma, na kama ningekuwa peke yangu angenipita. Lakini nyuma yangu Mama Kulwa alikuwa ameshasimama, na nyuma yake wengine walikuwa wanainuka wakikung'uta kanga. Akavua bomba. "Shamba likiliwa," alisema, "utaeleza wewe. Kwa mdomo wako, mbele ya wakubwa, utasema ni wewe." Nikasema sawa.

Wanaosimulia ushindi huwa wanaruka sehemu inayofuata, mimi siruki. Lililiwa. Kwa muda karanga zetu zilionekana mbaya kuliko za kijiji jirani upande wa pili wa barabara, zilizopuliziwa zikasimama kijani na safi, hakuna hata panzi. Watu walipita wakitikisa vichwa. Nilikwenda lamboni kila alfajiri nikifunua majani chini, na nilikuwa na hofu ya kweli, hofu ya kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula, mpaka Mama Kulwa akaanza kunilisha kwa kunikemea. Halafu vile vyeupe vikaongezeka. Kwanza kimoja hapa na kimoja kule, baadaye kila mahali, viwavi wamesinyaa juu ya majani, na majani mapya yakitoka juu yao. Maua ya njano yakaja, vikonyo vikainama na kuingia ardhini. Upande wa pili wa barabara viwavi walirudi, wengi, na huko hapakuwa na kitu cha kuwazuia. Wakapuliziwa tena, wakarudi tena. Sidai tulipona kila kitu. Pembeni mwa lambo mashina yalidumaa na kuwa manjano, ule ugonjwa watu wauitao ukoma wa karanga, unaoletwa na vidukari, na nyigu wangu hawakutusaidia hapo. Tuliyang'oa na kuyachoma, na Mama Doroteya, mwenye kipande hicho, alilia. Bado shamba lile lilikuwa zuri kuliko yote katika kata.

Uzuri huo ndio uliotaka kutuponza. Karanga zikiwa bado mbichi ardhini, walikuja wageni kutoka mkoani kuangalia kazi ya dawa, na Bwana Shamba, mtu aliyezoea kunusurika, akawaleta lamboni. Alisimama mahali pale pale niliposimama mimi. "Hapa, ndugu viongozi," alisema, "tumepulizia mara mbili, na matokeo ni haya." Mgeni mkubwa, mtu mnene mwenye fimbo nyeusi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi msimu ujao karanga zote, kata nzima, kuanzia zinapochipua," akasema. Baba Kulwa na wajumbe wenzake wakapiga makofi. Mkono wa Bwana Shamba ulinigusa kiwiko kidogo, na akanong'ona, karibu kwa upole, "Nyamaza, nami nitakuandikia vizuri." Ilikuwa ahadi ya kweli. Angeitimiza.

"Halikupuliziwa," nilisema.

Makofi yakaisha. Mgeni akauliza nani amesema. Nikasema ni mimi, Bibi Shamba wa hapa, na kwamba shamba hili halijawahi kuona hata tone. Mgeni akamtazama Bwana Shamba, na Bwana Shamba akacheka kidogo, akasema binti bado mgeni wa kazi, amechanganya mashamba. Mgeni akawageukia wanawake. "Ni kweli asemayo?" Hakuna aliyejibu. Siwalaumu. Waume zao walikuwa wamesimama pale, na wale watu walikuwa na gari.

Mama Kulwa alisogea. Aliinama kati ya mistari, akachuma mlenda, konzi nzima, majani na umande wake, akatia nusu mdomoni akaanza kutafuna mbichi mbele yao, ute ukimtoka pembeni ya midomo. Akatembea mpaka kwa Bwana Shamba. Hakusimama mbali, maana hakuwa mkwe wake. Akamnyooshea ile nusu nyingine.

"Wewe ndiye uliyepulizia," alisema. "Kula."

Bwana Shamba alitazama majani. Nilimwona akihesabu. Akikataa, wageni watauliza kwa nini amewaacha wanawake wakila sumu anayoiogopa yeye. Akila, amekubali hakuna dawa. Mgeni mwenye fimbo naye alikuwa ameelewa, maana aliegemea fimbo yake akasubiri. Kijasho kilimtoka Bwana Shamba juu ya mdomo. Nilimwonea huruma, nakiri, kwa muda mfupi sana.

Akapokea. Akala. Alitafuna yote, akameza, akajipangusa kwa leso iliyokuwa imekunjwa vizuri mfukoni, na hakumtazama mtu.

"Waacheni hawa na karanga zao," mgeni akasema, akarudi kwenye gari.

Mimi nilihamishwa kabla ya mavuno, upande wa Geita, kwenye kituo ambacho hakuna aliyekiomba, watu wanachimba dhahabu na hakuna anayejali kilimo. Ndivyo walivyonilipa na sikushangaa. Mama Kulwa aling'oa karanga zilizotangulia kukomaa, akazikausha kwa haraka juu ya paa ili zifae kwa mbegu, akanifungia kwenye kanga, akanipandisha nyuma ya lori kwa kunisukuma kiunoni. "Nenda, ng'wanone, mwanangu. Na huko usinyamaze." Nilizipanda mvua zilipoanza, mbele ya dirisha la mkuu wangu mpya, mahali ambapo asingeweza kufungua ofisi bila kuziona. Viwavi walipoingia alitoka na bomba, mtu mwema, anataka kunisaidia. Nikainama, nikachuma mlenda kati ya mistari, nikamnyooshea. "Ukishapulizia, utakula huu?"